Babu alikuwa kuli wa siku tatu kwa wiki: je, alikuwa mvivu?

Swali. Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sosholojia, mwaka wa pili, kwetu ni Kisauni, Mombasa. Babu yangu mzaa baba alikuwa kuli pale Kilindini tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia mpaka jina lake lilipofutwa kwenye orodha ya bandari miaka ya 1950. Nyumbani husimuliwa kwamba alikuwa akienda bandarini siku tatu au nne kwa wiki, na siku zilizobaki yuko shambani au barazani. Darasani tumesoma nadharia ya usasa, tukaambiwa kuwa nchi zetu zilichelewa kwa sababu mfanyakazi wake hakuwa na nidhamu ya saa. Nilimwona babu yangu humo nikaona haya. Je, alikuwa mvivu? Nadharia ipi inamweleza kwa haki? Nauliza pia kwa sababu mimi mwenyewe wakati wa likizo hufanya kibarua kwenye godauni moja Changamwe. Nasimama getini saa kumi na mbili asubuhi, na wiki nyingine naambulia siku tatu tu. Je, mimi na babu ni kitu kimoja?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Usione haya. Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote na nitalifikia, ila kwanza tulitazame neno ulilolitumia kwa kupita: kibarua. Ni barua ndogo. Unguja ya karne ya 19, mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi asubuhi alipoanza kazi. Jioni alikirudisha, akapewa ujira wake. Jina la karatasi likamhamia aliyeishika. Wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwaacha wakajitafutie kazi mjini, kisha ujira ukagawanywa baina ya mtumwa na bwana. Hata hivyo, kwa mtumwa, kijikaratasi kile kilikuwa na utamu wake: leo anabeba mizigo kwa huyu, kesho kwa yule, na kutwa nzima hayuko chini ya jicho la bwana wake. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na mwambao wa Kenya mwaka 1907, Waingereza walitaka watu waingie mikataba ya miezi kwenye mashamba makubwa. Wengi walikataa. Walishika kipande cha ardhi cha kulima, na walipohitaji pesa wakaenda mjini kufanya kazi ya siku. Babu yako alirithi njia hiyo.

Sasa twende darasani kwako. Nadharia ya usasa uliyofundishwa ilishamiri miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1960 Walt Rostow, mchumi wa Marekani, alizipanga nchi zote kwenye ngazi ya hatua tano, kuanzia jamii ya mapokeo hadi jamii ya matumizi makubwa, kana kwamba kila taifa linapanda ngazi ile ile, tofauti ni nani ameanza mapema. Mwaka 1974 Alex Inkeles na David Smith wakachapisha utafiti wa wanaume karibu 6,000 katika nchi sita, Nigeria ikiwa mojawapo, wakasema kiwanda ni shule: mtu akikaa humo anajifunza kuheshimu saa, kupanga mambo na kuamini kwamba juhudi yake inaweza kubadili maisha yake. Utafiti ule ulifanywa kwa bidii na siudharau. Tatizo ni kwamba unapochukua kiwanda kuwa shule, aliye nje ya kiwanda anageuka mjinga, na sababu ya umaskini inahamia kichwani mwa maskini.

Nyuma yao amesimama Max Weber, Mjerumani aliyeandika juu ya maadili ya Kiprotestanti na ubepari mwaka 1904 na 1905. Kuna hesabu moja kwenye kitabu chake ambayo nataka uinakili kwenye daftari lako. Mkata majani analipwa marki 1 kwa kila kipimo cha shamba. Anakata vipimo 2.5 kwa siku, anapata marki 2.5. Mwenye shamba, akitaka mavuno yaishe haraka, anapandisha malipo hadi marki 1.25 kwa kipimo. Anatarajia mkataji aongeze bidii, akate vipimo 3, apate marki 3.75. Mkataji anakata vipimo 2. Anapata marki zake 2.5 kama jana, anafunga kazi, anakwenda zake. Hakujiuliza, nikijituma kutwa nzima nitapata kiasi gani? Alijiuliza, nifanye kazi kiasi gani ili nipate kile ninachohitaji? Weber aliita hali hiyo mapokeo, na aliiona kuwa kizuizi kikubwa cha ubepari.

Umeona? Maofisa wa kikoloni Kenya walilalamika maneno hayo hayo: Mwafrika akishapata pesa ya kodi na ya nguo, anarudi kwao. Wakaandika kwenye ripoti zao kuwa hiyo ni tabia ya Mwafrika. Lakini mkata majani wa Weber hakuwa Mwafrika. Alikuwa Mjerumani, wa karne moja kabla yako.

Na Waingereza wenyewe? Mwaka 1967 mwanahistoria E. P. Thompson aliandika makala juu ya saa na nidhamu ya kazi ambayo mimi huiona kuwa dawa ya nusu ya upuuzi unaosemwa kuhusu uvivu wa Waafrika. Anaonyesha kwamba mafundi wa Uingereza, wafumaji, washona viatu na wengineo, walikuwa na sikukuu yao ya kila wiki waliyoiita Mtakatifu Jumatatu. Jumapili wamekunywa, Jumatatu hawaji kazini, pengine na Jumanne pia, kisha Alhamisi na Ijumaa wanafanya kazi mpaka usiku kufidia. Mwenye kiwanda ndiye aliyewavunja, na ilimchukua vizazi kadhaa. Kwenye kiwanda cha chuma cha Crowley, kaskazini mwa Uingereza, kanuni za mwaka 1700 ziliagiza kwamba muda uhesabiwe kwa saa ya msimamizi peke yake, na asiiguse mtu ila mtunza saa. Baadaye kwenye viwanda vya pamba, wafanyakazi walisimulia jinsi wenye viwanda walivyosogeza mishale mbele asubuhi na kuirudisha nyuma jioni, na kwamba mtu aliogopa kuonekana na saa yake mfukoni. Kwa hiyo nidhamu ya saa haikuwa silika ya Mzungu wala baraka ya dini yake. Ililetwa kwa kengele, faini, na njaa ya mtu aliyekwisha kunyang'anywa ardhi.

Mimi nimewahi kuifundisha nadharia ya usasa kama ilivyo kitabuni, nikasahihisha mitihani na kuweka alama ya vema penye neno "mapokeo", bila kumuuliza mwanafunzi mapokeo ya nani. Jambo hilo hunikera hadi leo, na ndiyo sababu nakujibu kwa urefu.

Tumrudie babu sasa, tuitazame kazi yenyewe. Gati za kwanza za kina kirefu Kilindini zilianza kutumika mwaka 1926. Meli ikifunga gati, gangi moja ya makuli inashuka ngamani, tumboni mwa meli, nyingine inabaki gatini, na kati yao kuna winchi na migongo ya watu: kahawa ya bara, pamba ya Uganda, magadi, ngozi. Meli mbili tatu zikiingia pamoja, kila mwanamume mwenye nguvu anatakiwa. Wiki ambayo hakuna meli, hata gangi chache ni nyingi mno. Kampuni za kupakia na kupakua hazikutaka kumlipa mtu anayesubiri meli iliyo bado baharini, kwa hiyo zilimwita asubuhi na kumwacha jioni. Serahangi, yaani msimamizi wa gangi, anasimama mbele ya umati, anachagua watu wake. Kazi ya siku ilikuwa mpango wa mwajiri kabla haijaitwa tabia ya mfanyakazi.

Nimekaa na wazee kadhaa waliofanya kazi ile. Kila mmoja, bila kuombwa, alinionyesha bega. Moja limeshuka kuliko jingine, na ngozi ya shingoni upande huo ni ngumu kama ya kisigino. Mtu aliyebeba gunia kwa bega siku tatu mfululizo, siku ya nne akikaa barazani, mwili wake ndio uliomkalisha. Jambo hili halimo katika nadharia yoyote kubwa niliyoisoma, nami naona ni pungufu la aibu.

Yuko mtu mwingine unayepaswa kumsoma, Arthur Lewis wa Saint Lucia, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1954 alisema nchi nyingi maskini zina akiba kubwa ya watu ambao kazi yao haiongezi kitu, na kwamba maendeleo ni kuwahamisha watu hao waende sekta ya kisasa kwa ujira unaozidi kidogo tu kile wanachokipata kwao. Na alipotaka kutoa mfano wa watu wa ziada mjini, mmoja wa mifano yake ulikuwa huu hasa: wafanyakazi wa bandarini, pamoja na vijana wanaokimbilia kukubebea mzigo. Kwa hesabu ya Lewis, babu yako ni ziada: kazi ya mtu mmoja imegawanywa kwa watu wawili, kila mmoja anapata nusu wiki.

Lewis hakumtukana mtu, na mfano wake una ukweli. Lakini anamwona babu yako getini tu. Hamwoni akivuka kurudi Kisauni kwenye minazi na mihogo yake. Frederick Cooper, mwanahistoria aliyeichunguza bandari ya Mombasa kwa miaka mingi, ndiye aliyeziba pengo hilo. Alionyesha kwamba kwa watu wengi wa mwambao kazi ya siku ilikuwa chaguo. Siku moja ya bandarini ililipa vizuri ukilinganisha na siku moja ya mkataba wa mwezi, na aliyekuwa na shamba aliweza kuja wakati anapotaka pesa na kukaa nyumbani wakati wa kupanda. Maofisa hawakukasirishwa na uvivu kama walivyodai. Kilichowakera ni kwamba mtu yule alikuwa akiamua mwenyewe lini aje.

Nadharia za mrengo wa kushoto, ambazo bila shaka utazisoma muhula ujao, zinaongeza jambo ambalo Weber na Rostow hawakulisema. Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, anatoa mfano wa mizigo ya melini. Kampuni moja ya meli ya Marekani iligundua mwaka 1955 kwamba katika fedha zote ilizotumia kupakia na kupakua shehena kati ya Afrika na Amerika, sehemu tano katika sita zilikwenda kwa wafanyakazi wa Marekani na moja kwa Waafrika. Shehena ni ile ile. Uzito ni ule ule. Ukiambiwa tena kuwa ujira hufuata tija ya mtu, weka mfano huu mezani. Naye Harold Wolpe, mwanasosholojia wa Afrika Kusini, akiandika mwaka huo huo wa 1972 kuhusu nchi yake, alieleza kwa nini mwajiri anaweza kumlipa mtu chini ya gharama ya kulea familia: kwa sababu familia inalishwa na shamba la kijijini. Shamba linalipa sehemu ya mshahara, na mwajiri anabaki na tofauti.

Maelezo ya Wolpe yanamhusu babu yako, lakini nusu tu. Shamba lile lile lililompunguzia mwajiri gharama ndilo lililompa babu nguvu ya kusema leo siji. Nadharia ikiona upande mmoja wa shamba hilo tu, imekosea. Goran Hyden, msomi wa siasa kutoka Sweden, aliuona upande wa pili alipoandika mwaka 1980 kuhusu wakulima wa Tanzania ambao dola haikuweza kuwakamata, yaani kuwaamrisha itakavyo, kwa sababu walikuwa na ardhi na jamaa. Simfuati katika kila alilolisema, lakini hapo aligusa penyewe.

Nguvu hiyo ilionekana kwenye migomo. Makuli wa siku waligoma mwaka 1934. Mwaka 1939, Julai na Agosti, mgomo ulisambaa mjini, na malalamiko makubwa yalikuwa kodi za nyumba za kupanga. Kisha ukaja mgomo mkuu wa Januari 1947: watu wapatao 15,000, bandari, reli, hoteli, hata watumishi wa nyumbani, mji ukasimama kwa zaidi ya siku kumi. Kutokana na mgomo huo kilisimama chama cha African Workers Federation chini ya Chege Kibachia, ambaye serikali ilimkamata Agosti mwaka huo na kumpeleka uhamishoni Baringo. Kwa nini kibarua aligoma kwa urahisi hivyo? Fikiria: utamfukuzaje mtu ambaye hujamwajiri? Mwenye mkataba akigoma anapoteza kazi, nyumba na mafao. Kibarua anapoteza ujira wa siku, na kesho kutwa meli ikiingia mwajiri atamhitaji tena.

Hapo ndipo serikali ilipobadili wimbo. Kwa miaka mingi kazi ya siku ilikuwa rahisi na ya faida. Baada ya migomo, vibarua wakaonekana hatari, umati usio na jina wala daftari. Ripoti rasmi zikaanza kuzungumza juu ya mfanyakazi wa kudumu, mwenye mke na watoto mjini, mwenye mshahara unaotosha, mwenye kitu cha kupoteza. Miaka ya 1950 bandari ikaandikisha watu wake, na aliyetaka kubaki kwenye orodha alilazimika kujitokeza idadi fulani ya siku kila mwezi. Asiyefikisha akafutwa. Waliobaki walipata mengi: chama cha wafanyakazi chenye nguvu, na baada ya mgomo wa mwaka 1955, ambao Tom Mboya alisaidia kuusuluhisha, nyongeza ya maana ya ujira. Siwezi kukuambia mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Mamia ya familia zilisomesha watoto kwa mishahara ile. Lakini mlango wa mwenye shamba ulifungwa, na jina la babu yako likabaki nje. Hakufutwa kwa kuwa hakujua kazi. Alifutwa kwa sababu alitaka kuendelea kuwa mkulima.

Sasa wewe. Siku zako ni tatu na za babu zilikuwa tatu. Mtafiti akiingia na fomu yake atawaandika mstari mmoja: kibarua, siku tatu. Ukitaka kujua tofauti, jiulize swali moja tu: ukiambiwa kesho njoo, unaweza kusema siji? Babu aliweza. Wewe, kwa jinsi ulivyoandika, huwezi, maana hata siku hizo tatu unazigombania. Ardhi aliyolima babu yako huenda nayo haikuwa na hati. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha watu wengi wa mwambao wakiwa maskwota juu ya udongo waliouchimbia makaburi ya wazee wao, na tangu hapo ardhi ya Kisauni imekatwa viwanja. Nguvu ya kukataa ilitoka shambani, na shamba limeondoka. Unyumbufu wa kazi ya siku, yaani uhuru wa kuamua lini kazi ifanywe na lini isifanywe, umebaki, ila umehamia mkononi mwa mwajiri. Ukisoma vitabu vipya vinavyosifu kazi nyumbufu, beba swali hilo: unyumbufu wa nani?

Na kwa kuwa wewe ni mfanyakazi kabla hujawa mwanafunzi, chukua na hili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi na anastahili haki zake, pamoja na notisi. Ndiyo maana utawaona waajiri wengine wakimpumzisha mtu siku chache kabla mwezi haujatimia. Andika tarehe zako. Kila siku uliyoingia, saa uliyoingia, nani alikuita, ulilipwa kiasi gani. Godauni likikuhesabu kwa siku, nawe jihesabu.

Ukija kuandika juu ya babu yako, usimweke chini ya nadharia moja ukaona umemaliza. Anza na Cooper, kisha mrudie Weber ukiwa na hesabu ya mkata majani mkononi, halafu uwaulize Lewis na Rodney kila mmoja ameona nini na amekosa nini. Lakini kabla ya hayo yote kuna mtu mmoja ambaye hao wote hawakumhoji. Hesabu zote hizi, za serikali na za wasomi, ni za siku za mwanamume. Siku ambazo babu alikuwa bandarini, mihogo ilipaliliwa na nani? Nazi zilikunwa na nani, maji yalitekwa na nani, na pesa ya makuti na maandazi ilikuwa ya nani? Ikiwa shamba ndilo lililompa babu nguvu ya kukataa, basi kuna mtu aliyelifanya shamba hilo liwe shamba.

Kama nyanya yako yu hai, au dada yake, au jirani wa rika lake, nenda ukakae naye jioni mbili tatu bila haraka. Muulize alikuwa akiamka saa ngapi. Muulize wiki ambayo meli hazikuja walikula nini, na wiki ambayo babu alikuja na pesa, pesa zilikaa kwa nani. Muulize siku jina lilipofutwa kwenye orodha yeye alisema nini. Andika maneno yake kama anavyoyasema, kwa Kiswahili chake, kisha niletee nisome.